Mfunge Ngamia Kwanza



Likizo ya shule inapokaribia, mtu mwenye gari huanza kufikiri ni wapi awapeleke mkewe na watoto wake. Wengi huliona jambo hili kuwa la dunia tupu, lisilohusiana na dini ila kwa neno moja tu la "Inshallah" wakati wa kuwasha gari. Na wapo ndugu, hasa wale walioingia karibuni katika Islam, ambao huingiwa na shaka: Je, mcha Mungu anaruhusiwa kutumia mali yake na siku zake kumi katika matembezi? Tunapenda kulijibu swali hili si kwa maneno ya jumla, bali kwa kuitazama safari moja halisi: safari ya jamaa moja kwa gari lao wenyewe kutoka Mombasa mpaka Kilwa, kusini mwa Tanzania. Ni safari ndefu, inavuka mpaka wa nchi, inawezekana kwa gari la kawaida la nyumbani, na mwisho wake ni mahali pa namna ile ambayo Kurani Tukufu inatuhimiza tukaitazame.

Maana Mwenyezi Mungu, Aliye Mwingi wa Hekima, hakuliacha jambo la kusafiri bila mwongozo. Katika Sura Al-Ankabut, aya 21, Anatuagiza tutembee katika nchi ili tuone jinsi Alivyoanzisha viumbe. Katika Sura Ar-Rum, aya 10, Anawauliza wakanushaji kama hawakusafiri wakauona mwisho wa wale waliowatangulia, watu waliokuwa na nguvu kuliko wao na waliojenga kuliko walivyojenga wao. Na katika Sura Al-Hajj, aya 46 na 47, Anataja visima vilivyoachwa na majumba marefu ya fahari yaliyobaki matupu, kisha mara moja Anauliza: hawakutembea katika nchi wakapata nyoyo za kufahamia? (Msomaji anayetazama msahafu wa madhehebu nyingine apunguze moja katika kila hesabu ya aya tunayoitaja hapa, kwa sababu sisi tunaihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura.) Basi kusafiri kwa kutazama na kuzingatia ni jambo lililoagizwa. Kinachobaki ni kuuliza jinsi ya kusafiri.

Kabla hatujaondoka, tulitazame kwanza gari lenyewe. Katika Sura An-Nahl, aya 9, baada ya kutaja farasi, nyumbu na punda walioumbwa ili tuwapande, Mwenyezi Mungu Anaongeza kwamba Ataumba na vitu tusivyovijua. Na katika Sura At-Takwir, aya 5, miongoni mwa dalili za zama za mwisho imetajwa kwamba ngamia majike wenye mimba ya miezi kumi, mali iliyo bora kabisa kwa Mwarabu, wataachwa bila kuthaminiwa. Mtume Mtukufu s.a.w., kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, aliiunganisha dalili hii na kufika kwa Masihi, aliposema kwamba katika siku zake ngamia wataachwa na hawatatumiwa tena kwa kwenda mbio. Ewe ndugu unayetafuta haki, zingatia! Kwa karne kumi na tatu ngamia hakuachwa. Kisha, katika zama zile zile za Hazrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian, Masihi Aliyeahidiwa, reli na mashine za moto zikatapakaa duniani, naye akayaonyesha hayo kuwa ushahidi wa mbinguni. Mombasa yenyewe ni shahidi. Ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ulipoanza huko mwaka 1896, miongoni mwa watu waliovuka bahari kutoka Bara Hindi kuja kuifanyia kazi walikuwamo wafuasi wa Masihi a.s., na ndio waliokuwa Waahmadiyya wa kwanza katika Afrika Mashariki. Chombo cha safari kilichotabiriwa kikawaleta waliouamini utabiri. Kwa hiyo unapomwelekeza mtoto wako aingie garini, unaye mbele yako mfano wa kumfundishia, na wala huhitaji kitabu.

Lakini chombo hiki hiki huua. Hapana shaka umewahi kulisikia neno hili likisemwa kando ya gari lenye tairi kipara: "Twendeni tu, ajali ni kazi ya Mungu." Neno hili lina madhara mara mbili. Linawatia watu kaburini, kisha linamsingizia Mwenyezi Mungu kosa la mwanadamu. Kurani Tukufu inasema kinyume chake kabisa: Sura Ash-Shura, aya 31, inafundisha kwamba msiba unaotupata ni kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono yetu, na Sura Al-Baqara, aya 196, inatukataza tusijitupe katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Breki isiyokaguliwa ni mkono wetu. Usingizi wa dereva aliyeendesha tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, huo pia ni mkono wetu.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaamriwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Wengi wanaijua habari hii. Wachache wanaijua ile nyingine, iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas r.a., juu ya watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila masurufu, wakijisifu kwamba wao ndio wanaomtegemea Mungu. Na walipofika Makka wakawa wanaombaomba. Hapo ikashuka aya ya 198 ya Sura Al-Baqara, inayoagiza kuchukua masurufu na kueleza kwamba yaliyo bora ni ucha Mungu. Tazama mpango wake: Mwenyezi Mungu Hakusema kwamba ucha Mungu unatosha badala ya chakula cha njiani. Aliagiza masurufu kwanza. Watu wale walikuwa katika safari takatifu kuliko zote, na hata hivyo kutojiandaa kwao hakukuhesabiwa kuwa imani. Sembuse sisi tunaokwenda kuona magofu?

Basi tuipange safari.

Mwanzo wake ni mashauri, na mashauri hayaanzi na ramani. Mume akae na mkewe, na watoto walio wakubwa waitwe, waseme wanachotaka na wanachoogopa. Kisha isaliwe Istikhara, rakaa mbili pamoja na dua ya kuomba heri, kwa siku kadhaa. Wengi katika Jumuiya yetu humwandikia pia Hazrat Khalifatul Masih kumwomba dua kabla ya safari kubwa, na kutoa sadaka siku ya kuondoka; desturi hizi ni njema. Katika mali, mizani ni rahisi: chanda kilipwe kwanza, karo za shule zitengwe, deni lililofika siku yake lilipwe, kinachobaki ndicho kipimo cha safari. Kukopa ili kutembea hakufai. Kama kinachobaki hakifikishi Kilwa, huenda kinafikisha Tanga, na Mungu wa Kilwa ndiye wa Tanga.

Wakati nao uchaguliwe kwa akili. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, si miezi ya kwenda kusini kwa gari dogo. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga kilichoitwa Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika katika eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Likizo ya Agosti ni bora: mvua zimepita, upepo wa kusi unapoza joto, na barabara ni kavu.

Kisha karatasi. Mkenya anayeingia Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kila mtoto awe na yake. Kitambulisho peke yake, kinachotosha kuingilia Uganda, hapa hakitoshi. Gari linahitaji kadi yake ya umiliki, na kama si lako, barua ya mwenye gari. Linahitaji bima inayovuka mipaka, ile inayojulikana kwa jina la Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaikubali ingawa yenyewe ilijitoa katika COMESA mwaka 2000. Forodhani utapewa hati ya kuliingiza gari kwa muda. Soma tarehe yake ya mwisho, usiipite. Chukua pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na mifuko ya plastiki ya kubebea vitu iache nyumbani, kwani imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019.

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya ofisi ya uhamiaji, yamefuata nini katika gazeti la dini? Jibu ni kwamba mpakani ndipo dini ya mtu hupimwa. Asiye na karatasi kamili hulazimika kuchagua kati ya kurudi nyumbani na kupenyeza noti ndani ya pasipoti. Na mtu aliyeendesha kilometa mia moja na zaidi akiwa na watoto wenye furaha nyuma yake mara nyingi hachagui kurudi. Mtume Mtukufu s.a.w. amewalaani wote wawili, mtoa rushwa na mpokeaji. Watoto wanaona. Mwaka mzima umewafundisha ukweli, na katika dakika mbili za dirisha la forodha wamejifunza somo jingine. Kadhalika barabarani: ndani ya miji na vijiji vya Tanzania mwendo haupaswi kuzidi kilometa 50 kwa saa, na askari wa barabarani husimama na chombo cha kupimia mwendo. Ukikamatwa kwa haki, kubali, lipa faini kwa njia ya halali, pokea risiti, uendelee. Kuwa na karatasi kamili na kwenda mwendo unaoruhusiwa ni kumfunga ngamia wa roho, naye hukata kamba upesi kuliko yule wa mwili.

Gari lenyewe lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, si siku ya kuondoka: matairi pamoja na la akiba, breki, taa zote, betri, mikanda ya viti vya mbele na vya nyuma. Jeki na spana viwemo, pembe za kuakisi mwanga ziwe mbili, kizima moto kisiwe kimepitwa na tarehe. Maji ya kunywa, dawa za nyumbani, vyandarua. Tusikawie hapa, fundi wako anajua kuliko sisi.

Sasa njia. Mtume s.a.w. alipenda kuanza safari siku ya Alhamisi, kama alivyosimulia Kaab bin Malik r.a., na anayeweza kufuata sunna hiyo afuate. Katika safari hii, hata hivyo, sisi tungeshauri kuondoka Jumatano, ili Ijumaa iwakute Dar es Salaam penye msikiti na ndugu wa Jumuiya. Jumatano asubuhi mnatoka Mombasa kuelekea kusini, mnafika Lunga Lunga, na forodha na uhamiaji mnavimaliza upande wa Horohoro, kwa kuwa kituo ni cha pamoja. Mnalala Tanga. Msijaribu kwenda zaidi; siku ya mpaka haina saa zake. Alhamisi mnapita Segera, mnateremka mpaka Msata, hapo mnashika njia ya kushoto kwenda Bagamoyo na hatimaye Dar es Salaam. Ijumaa mnapumzika na kusali. Mwandikieni mapema mbashiri aliyeko huko. Mgeni anayetegemewa ni baraka, na mgeni anayetokea usiku na watoto watano bila taarifa ni jambo jingine. Jumamosi mnaelekea kusini: Kibiti, kisha mto Rufiji, unaovukwa juu ya Daraja la Mkapa lenye urefu wa meta 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ilikuwa ni kivuko, na mvua zikizidi ilikuwa ni kusubiri. Mnafika Nangurukuru, mnakata kushoto, na baada ya kilometa takriban 30 mpo Kilwa Masoko, kando ya bahari. Jumla, tangu Mombasa, ni zaidi ya kilometa 800.

Je, nani awe kiongozi? Mtume s.a.w. ameagiza kwamba watu watatu wakisafiri wamchague mmoja wao awe amiri. Baba atakuwa amiri wa gari, hilo halina ugomvi. Lakini akina baba wengi wanadhani uamiri ni haki ya kukanyaga mafuta na kukaripia. Tuutazame mfano wa Mtume s.a.w. mwenyewe. Katika safari moja kijana aitwaye Anjasha alikuwa akiwaongoza ngamia waliowabeba wanawake, na kwa sauti yake nzuri ya kuimba ngamia wakaongeza mwendo. Mtume s.a.w. akamwambia aende polepole, kwani amebeba vyombo vya kioo. Miaka elfu moja na mia nne imepita, na hatujui maneno yanayofaa zaidi kubandikwa mbele ya usukani wa mtu aliyepakia mke na watoto. Hata muziki wa garini tungeufikiria upya, maana ilikuwa ni wimbo uliowatia ngamia mbio. Na Jabir r.a. anasimulia kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsaidia mnyonge, akimpakia asiye na kipando, akiwaombea dua. Aliye mkubwa wa msafara alikuwa wa mwisho kufika.

Ipo habari nyingine, nayo ni tamu kwa yeyote aliyewahi kusafiri na watoto. Katika safari moja mkufu wa Bibi Aisha r.a. ulipotea. Mtume s.a.w. akasimamisha jeshi zima kuutafuta, mahali pasipo na maji, na watu hawakuwa na maji. Wakamlalamikia Sayidna Abubakar r.a.: tazama binti yako alivyotufanya! Abubakar r.a. akaja kwa binti yake amekasirika, akamkemea na kumpiga kwa mkono ubavuni, naye Bibi Aisha asiweze kusogea kwa kuwa Mtume s.a.w. alikuwa amelala, kichwa chake kimelala pajani pake. Zingatia, ndugu: baba mkwe amekasirika, jeshi limekasirika, na mwenye safari amelala kwa utulivu. Asubuhi, kwa kuwa maji hayakuwapo, ikashuka ruhusa ya kutayamamu, ambayo mpaka leo mgonjwa hospitalini na msafiri jangwani wananufaika nayo. Usaid bin Hudhair r.a. akafurahi, akasema kwamba hii si baraka ya kwanza kutoka kwa jamaa ya Abubakar. Kisha wakamwinua ngamia wake, na mkufu ukaonekana ulikuwa chini yake.

Basi mtoto akisema kwamba anahitaji kushuka, na ulisimama nusu saa iliyopita, na mwingine ameangusha kiatu dirishani maili tatu nyuma, jiulize ni nani unayemfuata saa ile. Mpango mzuri wa safari ni ule ulioacha nafasi kwa ajili ya mkufu. Kwa hiyo hesabu saa nane kwa njia inayosemekana kuwa ya saa sita. Simama kila baada ya saa mbili hata kama hujachoka. Na jua likikaribia kuzama, uwe umekwisha fika. Usiku barabarani kuna malori yaliyoharibika bila taa, baiskeli, ng'ombe, na watembea kwa miguu waliovaa nguo nyeusi. Tena Mtume s.a.w., katika Sahihi Muslim, ameagiza wanaopumzika usiku wajitenge na njia, kwa kuwa njia ndipo wanapopita wanyama na wadudu wa usiku. Aliyekwisha ona gari limepumzika nusu yake juu ya lami ataifahamu hekima ya agizo hilo. Simu ya mkononi akae nayo mwingine. Na kama mama naye ni dereva, wapokezane.

Sala za njiani ni nyepesi, na ndugu wapya hupata taabu bure kwa kutozijua. Msafiri husali rakaa mbili badala ya nne katika Adhuhuri, Alasiri na Isha; Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Je, ni umbali gani unaoitwa safari? Masihi Aliyeahidiwa a.s. hakutufunga kwa idadi ya maili. Alifundisha kwamba kile ambacho watu kwa desturi yao hukiita safari, wakafunga mizigo na kuondoka kwa nia hiyo, ndicho safari. Mkikusudia kukaa mahali siku 15 au zaidi, mtasali kamili. Na kama Ramadhani inawakuta njiani, msifunge. Mtazilipa siku hizo baadaye, kama ilivyoagizwa katika Sura Al-Baqara, aya 185 na 186. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alikaza sana jambo hili, akaeleza kwamba anayefunga safarini anaiasi amri iliyo wazi, na kwamba wokovu unatoka katika rehema ya Mungu, wala mtu hawezi kuunyakua kwa nguvu ya mfungo wake. Ruhusa ni zawadi, na mwenye adabu hairudishi zawadi ya Mfalme. Tandikeni mkeka chini ya mwembe, mbali na lami, mtoto mmoja aadhini, baba asalishe. Huenda wapita njia wakasimama kutazama, na huenda mmoja akauliza.

Hatimaye Kilwa. Kibali cha kwenda kisiwani hupatikana Kilwa Masoko, na chombo cha kuvukia ni mashua. Bahari pale ni nyembamba. Mwaka 1331 alipita hapo Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, naye alikuwa ametokea Mombasa, alikolala usiku mmoja tu. Ninyi mmefuata njia yake kwa nchi kavu. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mashuhuri kwa ukarimu, akasimulia jinsi fakiri mmoja wa Yemen alivyomwomba nguo alizozivaa, naye Sultani akaingia ndani, akazivua na kumpa. Wakati huo dhahabu ya Sofala ilipita hapa, na Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba. Wapelekeni watoto kwenye Msikiti Mkuu, wenye nguzo na makuba, ambao sehemu yake ya kale ilijengwa kabla ya mwaka 1200. Kisha Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya mwamba wa bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Ndani yake hamna mtu. Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu zao wakauteka mji na kuupora. Boma la Gereza, lililojengwa juu ya mabaki ya ngome yao, lipo pia. Tangu mwaka 1981 kisiwa hiki kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Lakini msiishie kuwalaumu Wareno, kwa maana hapo ndipo wazingatiaji wengi huishia. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka. Na Kilwa Kivinje, ambayo mliipita karibu mlipokuwa mnakuja, ilikuwa katika karne ya kumi na tisa bandari kubwa ya kuwasafirisha wanadamu waliokamatwa pande za ziwa Nyasa. Mji huu uliosifiwa mpaka Tanja ulikuwa na msikiti, ulikuwa na adhana mara tano, ulikuwa na Sultani aliyevua nguo zake kumpa fakiri, na pia uliwauza wana wa Adamu. Kurani Tukufu ilipotaja visima vilivyoachwa na majumba ya fahari, ilisema katika aya ile ile kwamba miji hiyo iliangamizwa ikiwa inadhulumu; na katika aya inayofuata inaeleza kwamba yanayopofuka si macho, ni nyoyo zilizomo vifuani. Mkalishe mtoto kivulini kando ya kisima, umwulize nani alikunywa hapa, na nani alipita hapa amefungwa, asipewe maji. Usimharakishe kujibu. Kwa ajili ya swali hili mmeendesha kilometa mia nane, na hili halipatikani katika hoteli yoyote ya pwani.

Mkae Kilwa siku mbili au tatu, mle samaki, watoto waoge baharini. Mtume s.a.w. naye, katika safari, aliwaambia watu watangulie ili apate kushindana mbio na Bibi Aisha r.a.; furaha ya halali haihitaji kuombewa radhi.

Kisha mrudi kwa njia ile ile, kwa mwendo ule ule, kwani uchovu na hamu ya nyumbani humfanya dereva akanyage mafuta kuliko siku ya kwanza. Mtume s.a.w. amesema kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba mwenye kumaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa jamaa zake; nayo haraka hiyo ni ya kuondoka bila kuzubaa, wala si ya usukani. Alipofika Madina alianza msikitini, akasali rakaa mbili, ndipo akaenda nyumbani. Na imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Jabir r.a., kwamba alipofika Madina alichinja ngamia au ng'ombe. Kwa kipimo chetu, kuku wawili na sufuria ya wali vitatosha. Waiteni majirani, na yule asiye Mwislamu, na yule anayewacheka kwa kuingia Ahmadiyya. Baba anyamaze siku hiyo, watoto ndio wasimulie walichokiona.